Mwenye Hela na Mwenye Watu: Kwa Nini Ngazi za Jamii Hazitulii

Ukitaka kujua nani ni nani katika ukoo wa Dar es Salaam, omba uonyeshwe orodha ya michango ya harusi. Kila baada ya siku mbili tatu mweka hazina huirusha upya kwenye grupu la WhatsApp: jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Juu kabisa yupo mjomba wa Mbezi Beach aliyeahidi milioni mbili na kulipa laki tatu. Katikati wamejipanga wenye laki moja moja, wengi wakiwa na alama ya tiki. Chini huko yupo shangazi wa Mbagala, elfu thelathini, kalipa siku ya kwanza. Asiyewajua watu hawa ataisoma orodha kama ilivyo na kusema mkubwa ni mjomba.

Subiri kikao cha Jumapili. Mjomba anapendekeza ukumbi, watu wanaitikia kwa adabu, "sawa, tutaliangalia," na soda zinaendelea kufunguliwa. Kisha shangazi anasema: "Yule mpishi hapana. Alitutia aibu kwenye arobaini ya baba yenu." Mpishi anafutwa palepale. Mwenyekiti hata haulizi kama kuna mwenye maoni tofauti.

Shangazi huyu hana mali. Ila nusu ya waliokalia viti vile vya plastiki wamepita mikononi mwake wakiwa watoto. Anajua upande wa bibi harusi nani wa kuongea naye na nani wa kumkwepa. Na akinyanyua simu usiku, wanawake ishirini watakuwa uani alfajiri na visu vyao, wakimenya vitunguu. Kamati inamhitaji yeye kuliko inavyozihitaji zile milioni mbili, ambazo hata hivyo hazijafika.

Vijiweni tuna majibu mawili ya haraka kuhusu mambo haya. La kwanza linasema mjini hela. La pili linasema mjini koneksheni, hela utaikuta mbele ya safari. Yote mawili yana ukweli wake, na yote mawili yanashindwa kueleza kwa nini hela iliyompa mtu sauti mwaka huu haimpi sauti mwaka ujao, au kwa nini mtu ambaye baba yako alimbembeleza miaka ile leo hawezi kukupatia hata kazi ya ulinzi. Mali na watu ni kama shilingi na dola: kimoja hununua kingine, lakini kwa kiwango kinachopanda na kushuka. Anayepanda ngazi ni yule aliyeshika kile ambacho kundi limepungukiwa nacho wakati huo, na ngazi huhama pale upungufu unapohama. Hiyo ndiyo hoja yangu. Kilichobaki ni kuitafutia ushahidi.

Utajiri wa aina tatu

Mwaka 2009 wanaanthropolojia na wachumi wakiongozwa na Monique Borgerhoff Mulder na Samuel Bowles walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa jamii ndogo 21 kutoka pembe mbalimbali za dunia, wakiwamo Wahadzabe na Wadatoga wa kwetu. Waligawa utajiri katika mafungu matatu. Kuna mali: ardhi, mifugo, nyumba, vyombo. Kuna utajiri ulio mwilini mwa mtu: nguvu, afya, ujuzi. Na kuna utajiri wa mahusiano: watu wa kukukopesha, wa kukusaidia kazi, wa kusimama upande wako ugomvi ukizuka. Swali lao lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kupima: kwa kila fungu, mtoto wa tajiri hubaki tajiri kwa kiasi gani?

Kwa wafugaji na wakulima wakubwa maisha hubebwa na mali, na mali hurithiwa, hivyo pengo la baba likawa pengo la mwana. Kwa wawindaji na kwa wakulima wa mashamba madogo ya jembe la mkono, maisha hubebwa zaidi na mwili na watu, na hivyo viwili haviandikwi kwenye wosia. Ng'ombe wa Mdatoga huenda kwa mwanawe wakiwa na pembe zao. Mhadzabe mwenye shabaha hufa na shabaha yake.

Inafaa kukaa kidogo na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, maana wamewasumbua sana wanaoamini kwamba binadamu hawezi kuishi bila bosi. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza sababu kadhaa za wao kutokuwa na wakubwa. Chakula hakiwekwi ghalani. Kinaliwa siku hiyo au kesho yake. Asiyeipenda kambi anahama, hana shamba la kuliacha nyuma. Wanaume wana mishale ya sumu, na mbabe akizidi anajua kwamba na yeye usiku hulala usingizi. Tena kuna kamari yao iitwayo lukuchuko: vipande vya magome hurushwa kwenye mti, na watu hushindania mishale, visu na shanga. Aliyejikusanyia vitu leo, baada ya muda vimeshazunguka kambi nzima.

Lakini kutolima peke yake hakuleti usawa. Upande mwingine wa dunia, pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, waliishi watu ambao nao hawakuwa wakulima, na walikuwa na mabwana, watu wa kawaida na watumwa. Tofauti ni samaki. Samoni hupanda mito kwa msimu, mahali palepale, kwa wingi, na wanaweza kukaushwa wakawekwa. Mwenye kipande cha mto anaweza kukilinda. Mwenye akiba anaweza kumlisha asiye nayo. Anayelishwa ana deni. Wakubwa wa huko walishindana kwa karamu za kugawa mali, potlachi, ambazo serikali ya Kanada ilizipiga marufuku kuanzia 1885 hadi 1951. Aliyegawa zaidi ndiye aliyepanda. Mwenyekiti yeyote wa kamati ya harusi angewaelewa watu hawa bila mkalimani.

Kwa hiyo mbele ya kundi lolote mimi huanza na swali moja: kinachotegemewa hapa kinaweza kufungiwa mlango? Kikifungika, ngazi itasimama na itarithiwa. Kisipofungika, mkubwa atalazimika kubembeleza.

Swali la pili ni la walio chini: je, wanaweza kuungana? Mwanaanthropolojia Christopher Boehm, aliyepitia taarifa za jamii nyingi ndogo, alisema usawa wa namna hii hautokani na upole wa watu. Walio chini huungana kumdhibiti anayetaka kuwa juu: kwa masimango na vicheko kwanza, kisha kwa kumpuuza, kisha kwa kumfukuza, na mara chache kwa kumuua. Uswahilini tunaishia kwenye hatua mbili za mwanzo, na zinatosha kabisa. Mtu aliyepata gari akaanza kuwapigia honi majirani uchochoroni atatafutiwa jina la utani kabla wiki haijaisha, na jina hilo litamfuata mpaka msibani kwake.

Nguvu za mwili zina nafasi ndogo kuliko tunavyodhani, hata kwa sokwe. Pale Gombe, Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jane Goodall alimwona dume aliyemwita Mike, wala si mkubwa wa umbo, akipanda kutoka chini hadi juu kabisa kwa kuyavurumisha madebe matupu ya mafuta ya taa aliyoyakuta kambini. Kelele zile ziliwatimua madume wenzake wote. Si yeye wa mwisho kupewa cheo na debe tupu.

Mwimbaji wa Bomba

Mfano bora kuliko yote niujuao umo katika historia ya mji wenyewe.

Julai 1954 TANU inaanzishwa Dar es Salaam. Waafrika wachache waliokuwa na elimu ya juu kidogo, karibu wote walikuwa waajiriwa wa serikali, na tangu 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Katazo lile lilikusudiwa kukinyima chama wasomi, na lilifanikiwa. Lakini liliwapandisha thamani wote wasiokuwa na mwajiri wa kuwafukuza: dereva teksi, muuza samaki, mwenye nyumba wa Kariakoo, mama wa maandazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi aache kazi Pugu mwaka 1955 ili aendelee na chama. Alikuwa na digrii ya Edinburgh. Alichokuwa hana ni mji: ndugu zake walikuwa Butiama, huku alikuwa mgeni.

Mji walikuwa nao wengine, na mmoja wao ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma hadi darasa la nne, na watu walimjua kwa sauti yake, kwani aliongoza uimbaji katika kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Hapo ndipo Bibi Titi aliposogezwa mbele. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, nao wakawaita watu wao, na ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wanachama.

Msomaji wa leo anaweza kudhani kundi la ngoma ni burudani tu. Kila kundi lilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake, namna yake ya kupeleka habari nyumba hadi nyumba, na wanachama wa makabila mbalimbali waliozikana na kuozeshana. Huu ulikuwa utamaduni mkongwe wa mji. Miongo kadhaa kabla ya hapo vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo vya kuiga majeshi ya Kizungu, na mtu aliyeshinda mchana kutwa akimtumikia bwana mweupe jioni aliweza kupigiwa saluti kama jenerali. Watu waliozuiwa ngazi moja walijijengea nyingine, na ngazi hiyo ya pembeni ilipohitajika na wakubwa, ilikuwa tayari imesimama.

Kwa elimu, Bibi Titi alizidiwa na karani yeyote. Alichoshika ni mlango wa kuingilia ndani ya nyumba za Kariakoo na Ilala, mlango ambao chama kilikuwa hakina ufunguo wake. Uhuru ulipofika, jina lake lilikuwa linatajwa sambamba na majina ya wanaume waliosoma ng'ambo. Akawa mbunge, naibu waziri, na mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake, UWT.

Halafu kiwango kikageuka. Baada ya 1961 chama kilikuwa na serikali, na serikali ina wakuu wa mikoa, mishahara, magari na redio. Habari ziliweza kufika Ilala bila kupitia kwa mwimbaji. Wasomi waliokuwa wamekatazwa sasa ndio waliotafutwa, maana kazi ilikuwa ya mafaili. Mwaka 1965 Bibi Titi alipoteza ubunge wa Rufiji. Februari 1967 Azimio la Arusha likasema kiongozi asiwe na nyumba za kupangisha, asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni. Yeye, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, akaachia nyadhifa. Mwaka 1969 alikamatwa, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, na mwaka 1972 akaachiwa. Kesi ile ina mambo yake na siichanganyi na hoja hii. Ninachotazama ni ile miaka minne ya kwanza ya uhuru: watu wake walikuwa walewale, sauti ileile, ila chama hakikuwa tena na uhaba wa milango. Leo ipo barabara yenye jina lake katikati ya jiji, na foleni yake inajulikana kuliko habari zake.

Mwanahistoria Ibn Khaldun aliyaandika haya huko Afrika ya Kaskazini mwaka 1377, kana kwamba alipata kukaa Dar. Kundi hupanda kwa asabiya, mshikamano wa damu na wa kuhangaika pamoja. Mtawala akishatulia kitini, huanza kuwaona waliompandisha kuwa ni washindani wake, huwaweka kando, na huwaajiri watu wanaomtegemea yeye peke yake. Kuhusu heshima ya ukoo, aliipa vizazi vinne: anayeijenga, mwanawe aliyemwona akijenga, mjukuu anayefuata mila tu, na kitukuu anayedhani kwamba heshima ni haki ya kuzaliwa. Ukipita Kariakoo ukakuta nyumba ya zamani ya vyumba sita imefungwa kwa sababu wajukuu wanagombania nani auze, unaweza kukisia wamefika kizazi cha ngapi.

Sabuni, sukari na mtu wa dukani

Azimio la Arusha lilikuwa jaribio kubwa la kukata kamba kati ya cheo na mali. Nadhani lilifanikiwa kuliko wanavyokubali wanaolicheka; viongozi wengi wa wakati ule walistaafu bila utajiri wa maana. Ila ngazi haikuondoka. Ilihamia kaunta.

Baada ya vita na Idi Amin vya 1978 na 1979, na mafuta yalipopanda bei duniani, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Sabuni, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula na khanga vikawa vya kutafutwa. Bei rasmi ilikuwa ya chini, tatizo ni kwamba kwa bei hiyo dukani hakukuwa na kitu. Hapo hela ilipoteza kazi yake ya kwanza, kununua. Aliyekuwa juu ni yule aliyejua lori litashusha mzigo wapi kesho asubuhi: meneja wa duka la ushirika, karani wa vibali, mtunza ghala. Waliokuwa watu wazima enzi hizo husimulia jinsi wenye shahada zao walivyokuwa wakimsalimia muuza duka kwa heshima zote, "shikamoo kaka", hata kama walimzidi umri. Mshahara wa kaka huyo ulikuwa mdogo. Alichokuwa nacho ni nafasi ya kusimama kati ya watu na sabuni.

Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa waziri mkuu, serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi madukani, kwa bei ya kuuma, na mwenye hela akarudi kuwa mwenye hela. Yule mtu wa kaunta je? Akawa muuza duka tu. Mamia ya marafiki zake walikuwa marafiki wa upungufu. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, viongozi nao wakaruhusiwa tena kupangisha nyumba na kuwa na hisa.

Wakati huohuo ngazi nyingine ilikuwa inahama kimyakimya zaidi, ndani ya nyumba. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1974 na 1988. Mshahara wa mwezi ulilisha familia kwa siku chache. Siku zilizobaki zililishwa na miradi: maandazi, vitumbua, kuku, ushonaji, ubuyu wa watoto wa shule. Na miradi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya akina mama.

Hapa kuna jambo ambalo nadharia nyingi hulipita haraka. Je, baba alishuka? Ukiingia sebuleni, hapana. Kiti chake kilikuwa chake, mgeni alimsalimia yeye kwanza, barua ya posa iliandikwa kwa jina lake. Lakini ada ya shule ilitoka kwenye kopo la mama, na mwenye kopo ndiye aliyeamua mtoto gani aendelee na masomo na ndugu yupi wa kijijini apokelewe. Akina mama wengi walikuwa na ustadi wa kumpitishia mume noti mlangoni ili amkabidhi mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Wapo wanaoiona tabia hiyo kuwa ni unyonge. Mimi naiona kuwa ni hesabu: mume anayeheshimika mtaani ni ngao ya mradi dhidi ya mgambo, wakwe na wadai. Heshima ya sebuleni huchelewa sana kufuata nguvu ya jikoni, wakati mwingine kizazi kizima, na ndiyo maana ukipima ngazi kwa salamu peke yake utapotea.

Kijiwe cha bodaboda

Twende barabarani. Kijiwe chochote cha bodaboda, Kimara au Tandika, kina watu wa daraja nne hivi. Mwenye pikipiki yake. Mwenye mkataba, anayemlipa bosi kila siku hadi chombo kiwe chake. Anayepeleka hesabu tu, ambaye pikipiki haitakuwa yake kamwe. Na deiwaka, anayesubiri mwenzake achoke ili aombe chombo kwa saa chache. Kwa mali, mpangilio uko wazi.

Mwenyekiti wa kijiwe, hata hivyo, si lazima awe wa daraja la kwanza. Mara nyingi ni yule anayejua namba ya simu ya mjumbe, anayeweza kuzungumza na trafiki bila kupandisha sauti, na aliyewahi kusimamia mazishi ya mwenzao mpaka mwili ukafika Tanga au Songea. Kijana mpya haingii kijiweni kwa sababu ana pikipiki. Anaingia kwa sababu yupo mtu amesema "huyu namjua". Dhamana hiyo ndiyo mali ya mwenyekiti. Wataalamu Joseph Henrich na Francisco Gil-White, katika andiko lao la 2001, walitenganisha ukubwa wa kuogopwa na ukubwa wa kutafutwa: mbabe huchukua nafasi kwa nguvu na watu humkwepa, fundi hupewa nafasi na watu humsogelea ili wajifunze kwake. Mwenyekiti mzuri wa kijiwe ana kiasi cha vyote viwili.

Tangu 2016 programu za simu za kuita usafiri zimeingia Dar es Salaam, na abiria anampata dereva bila kujua kijiwe kiko wapi. Kijana asiye na mdhamini, mwenye simu nzuri na nyota za kutosha, anakula wateja waliokuwa wa wazee wa kijiwe. Mwenyekiti bado anahitajika ajali ikitokea au mtu akikamatwa. Lakini hakai tena kati ya dereva na abiria. Pale amekaa mtu wa mbali ambaye hana sura, hakopeshi, wala haji msibani.

Na kuhusu koneksheni zenyewe, kuna kosa tunalolifanya wengi: kudhani kwamba aliye karibu nasi ndiye atakayetuvusha. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika andiko lake la 1973, aliwauliza watu wa mji wa Newton, Marekani, waliopata kazi kupitia mtu, walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Chini ya 17 kati ya kila 100 walisema mara kwa mara. Waliobaki walipewa habari na mtu waliyeonana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu ni kwamba rafiki wa damu anajua yaleyale unayoyajua. Wa mbali anatoka kwenye habari nyingine. Rafiki wa karibu atakuzika vizuri. Kazi bandarini utaisikia kwa mtu mliyekutana kwenye sherehe ya watu.

Sanduku la kufuli tatu

Kama ngazi hujijenga zenyewe, je, watu wanaweza kuzizuia kwa makusudi? Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ni jaribio la namna hiyo, na limeandaliwa kwa akili kuliko katiba nyingi. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa hadi kwetu. Mwanachama hununua hisa kati ya moja na tano kwa kila mkutano, hazidi hapo hata awe na gunia la hela. Kila mtu ana kura moja. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe analala nalo wa nne. Mkutano ukianza, salio la wiki iliyopita hutajwa kwa sauti na kila mtu analikumbuka, hata asiyejua kusoma, kwa hiyo daftari haliwezi kusema uongo peke yake. Ni kama mtu aliyekaa akajiuliza mali hujifungia wapi, kisha akaweka kidole kila mahali.

Kinachobaki nje ya sanduku ndicho kinachoponyoka. Mwenye hela aliyezuiwa hisa ya sita humkopesha mwenzake nje ya kikao, kwa maneno matamu, ili alipe rejesho la kikundi. Baada ya miezi michache kura moja imekuwa kura nne. Hili si jambo la kushangaza, na vikundi vizoefu hulinusa mapema: mtu akianza kumtetea mwingine kwa bidii isiyo na sababu, mama mmoja atauliza, "Kwani anakudai?"

Siku hizi mlango mpya umefunguka kwingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoutaka mkopo huo kinahitaji cheti, katiba iliyochapwa, mihutasari ya vikao, na mtu wa kwenda halmashauri mara tatu kwa ajili ya muhuri mmoja. Mtu huyo ni katibu. Katika kikoba kimoja ninachokifahamu, nafasi hiyo zamani ilitupiwa binti mdogo kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Uchaguzi uliopita waliigombea watu watano, wawili kati yao wakiwa na hisa nyingi kuliko wote. Walishindwa na binti yuleyule, mwenye hisa mbili, kwa sababu ofisa maendeleo ya jamii anamjua kwa jina na simu yake anaipokea.